Pinki Iliamuliwa na Nani?

SHANGAZI WA BRASHI ANAJIBU BARUA ZENU

Mwezi uliopita niligusia hapa habari ya nyuso zinazochorwa kwenye vibao vya saluni, nikadhani nimemaliza. Kumbe nimechokoza mzinga. Barua zimejaa kapu, nimechagua saba. Kwa mgeni wa ukurasa huu: mimi ni mchora vibao. Nilishika brashi nikiwa na miaka 16 kwenye kibanda cha mjomba, Barabara ya 12, Tanga, kazi yangu ikiwa kuosha brashi kwa mafuta ya taa na kujaza rangi ndani ya herufi alizokwisha kuzipiga yeye. Leo nina duka la mabango Kariakoo, printa mbili na mgongo unaouma. Si profesa. Ila nimeuza picha za wanawake na wanaume kwa miaka 34, na muuza samaki humdanganyi juu ya samaki.

*Shikamoo Shangazi. Nimejifungua mtoto wa kiume. Wifi yangu kaleta furushi la nguo, nusu yake pinki. Mama mkwe kazirudisha zote, anasema kumvisha mtoto wa kiume pinki ni kinyume cha mila zetu. Mimi nguo nazitaka, ni pamba nzuri. Nimwambieje bila kumvunjia heshima? — Mzazi, Muheza*

Marahaba mwanangu, na hongera kwa kujifungua salama. Mama mkwe usibishane naye. Muulize tu, siku mkiwa mnachambua mchele, yeye mumeo alimbeba kwa nguo gani. Atakwambia kanga. Muulize ya rangi gani. Hapo ataanza kucheka mwenyewe, maana kanga ya kubebea mtoto ni ile iliyokuwa karibu. Mjomba wangu huyo huyo aliyenifundisha kazi alikuwa akisimulia kwamba alikulia ndani ya kisutu cha mama yake, nyekundu, nyeusi na nyeupe, kanga ya bibi harusi kabisa, na alikufa akiwa na wajukuu 19.

Mila ya pinki si yetu, na hata huko ilikotoka haina umri mkubwa. Iko picha ya mwaka 1884 ya Franklin Roosevelt, yule aliyekuja kuwa rais wa Marekani: mtoto wa miaka miwili na nusu, nywele ndefu, gauni jeupe. Hakuna aliyeshangaa, ndivyo watoto wa kiume walivyovishwa. Juni 1918 gazeti moja la wafanyabiashara wa nguo za watoto kule Marekani, Earnshaw's, likawaelekeza wenye maduka: pinki ni ya wavulana kwa kuwa ni rangi yenye nguvu, bluu ni ya wasichana kwa kuwa ni laini na ya upole. Umesoma vizuri, sijakosea mpangilio. Mwaka 1927 jarida la Time lilipoorodhesha msimamo wa maduka makubwa, Filene's la Boston na Marshall Field la Chicago yalikuwa bado yanawauzia wavulana pinki, na mengine yalikuwa kinyume. Wenye mali wenyewe hawakuwa na kauli moja! Mpangilio tunaoujua leo ulianza kushika miaka ya 1940, ukakaza miaka ya 1980 wazazi walipoanza kujua jinsia ya mtoto kwa kipimo cha picha kabla hajazaliwa, wakawa wanafanya manunuzi mapema.

Na faida yake ni hesabu ya sokoni. Wa kwanza akiwa wa kike na wa pili wa kiume, nguo hazirithiwi. Unanunua upya kila kitu, mpaka beseni.

Wewe zipokee kimya kimya, uziweke chini ya sanduku. Masika yakianza na nguo zikakataa kukauka siku tatu, utamsikia mama mkwe mwenyewe anauliza ile pinki iko wapi.

*Habari Shangazi. Mimi ni mbunifu wa michoro hapa Nairobi. Mteja ana mkahawa, anataka alama za vyoo. Nimemwekea zile za kawaida, ya suruali na ya gauni, lakini mhudumu mmoja anasema hiyo ya gauni ni ya kizamani na inadhalilisha. Ilitoka wapi hii picha, na nifanye nini? — Mbunifu*

Njema mwanangu. Nikusimulie kwanza aibu yangu. Kuna ukumbi mmoja wa pwani niliwahi kubandika stika za milango ya choo, hizo hizo unazozisema, nikaondoka na pesa yangu. Ijumaa yake pakawa na maulidi. Mzee mmoja wa heshima akaingia upande wa akina mama, wakapiga kelele, akatoka ametaharuki. Msimamizi alipomuuliza, akaonyesha mlango: "Si huyu hapa mwenye kanzu?" Na kweli, ukiitazama ile picha kwa macho ya mtu wa pwani, aliyevaa gauni refu na mikono imetanuka ni sheikh, na yule mwenye suruali anaweza kuwa yeyote. Nilirudi kesho yake nikaandika kwa brashi, herufi za nchi sita: WANAUME. WANAWAKE. Bila malipo.

Picha zenyewe zina ukoo. Vienna miaka ya 1920 alikuwepo Otto Neurath, mtu wa makumbusho, aliyetaka mfanyakazi asiyesoma sana aelewe takwimu za nchi yake kwa picha. Gerd Arntz akamchongea vijitu na alama kwa maelfu. Katikati yao alikuwepo mwanamke, Marie Reidemeister, ambaye kazi yake ndiyo ilikuwa ngumu kuliko zote: kuzichukua takwimu na kuamua zigeuke picha gani. Jina lake lilichelewa sana kutajwa, sijui nieleze kwa nini au mmeshaelewa. Kisha Olimpiki ya Munich ya 1972, Otl Aicher akapanga wachezaji kwa mistari na pembe, dunia nzima ikaiga. Na mwaka 1974 Wizara ya Uchukuzi ya Marekani ikatoa seti ya alama 34 za viwanja vya ndege na stesheni, mikono ya Roger Cook na Don Shanosky. Alama hizo zilitolewa bure, mtu yeyote azitumie. Ndiyo maana ziko kwenye mlango wako Nairobi na wangu Kariakoo.

Mhudumu wako anachokiona ni hiki: katika alama za namna hiyo, kunapotakiwa mtu tu, mtu anayepanda lifti au anayevuka barabara, huwekwa yule yule wa mlango wa wanaume. Mwanaume ni mtu. Mwanamke ni mtu aliyeongezewa kitambaa.

Sasa mkahawa wako. Andika maneno, Kiswahili chake ni kifupi na hakikosewi. Ukipenda picha, kama vyumba vyenyewe ni sawa na vinafungwa kwa ndani, chora choo. Mtu mwenye haja hatafuti falsafa mlangoni.

*Mwalimu wetu anasema shule ya Bauhaus ya Ujerumani ndiyo iliyomletea mwanamke usawa katika ubunifu. Mwenzangu anasema uongo, waliwekwa kwenye kufuma tu. Nani mkweli? — Mwanafunzi wa sanaa, Bagamoyo*

Wote, lakini mwenzako kamzidi mwalimu kidogo.

Bauhaus ilifunguliwa Weimar mwaka 1919, mwaka ule ule katiba mpya ya Ujerumani ilipowapa wanawake haki sawa kwenye karatasi. Mkuu wake, Walter Gropius, akawatangazia wanafunzi kwamba hapatakuwa na tofauti kati ya jinsia nzuri na jinsia yenye nguvu. (Mtu akianza kukuita mzuri kwenye kikao cha kazi, kaza mkono kwenye pochi yako.) Muhula ule wa kwanza wakaandikishwa wanawake 84 na wanaume 79. Gropius hakuyategemea hayo. Haukupita muda mrefu walimu wakakubaliana wanawake wachujwe zaidi mlangoni, na waliokwishaingia wakawa wanasukumwa upande mmoja: karakana ya ufumaji. Anni Albers alitaka kazi za vioo. Akaishia kwenye kitanda cha mfumi, na huko huko akawa bingwa ambaye mwaka 1949 jumba la sanaa ya kisasa la New York lilimfanyia maonyesho ya peke yake. Gunta Stölzl ndiye mwanamke aliyefika cheo cha ubwana-fundi, akaiongoza karakana hiyo, na ilikuwa miongoni mwa zile zilizoiletea shule fedha za kweli. Vitambaa vilinunuliwa. Viti vya wanaume vilipigwa picha.

Aliyekataa kufuma alikuwa Marianne Brandt. Aliingia karakana ya vyuma mwaka 1924, akapewa kazi ya kugonga vibakuli vidogo vya nusu tufe, vingi, vyote sawa. Baadaye wenzake wakamkiri: walimpa kazi za kuchosha kuonyesha hawakumtaka, kwa kuwa waliona mwanamke hana mahali penye chuma. Mwaka ule ule akatengeneza birika dogo la chai, nusu tufe, mkono wa mti mweusi kama mpingo, ambalo mpaka leo halijazeeka. Mwaka 1928 akashika uongozi wa karakana yenyewe. Mimi hiyo habari ya vibakuli naiamini bila kuuliza. Kibanda cha mjomba palikuwa na wavulana wawili walionizidi mwaka mmoja, na aliyeosha brashi zote alikuwa ni mimi.

Lakini ukitaka kuona ubunifu unavyompanga mwanamke, liache birika uende jikoni. Si jiko la Bauhaus, ni la Frankfurt, la mwaka 1926, la Margarete Schütte-Lihotzky, mwanamke wa Vienna. Jiji lilikuwa linajenga nyumba za wafanyakazi kwa haraka, yeye akapewa jiko. Akatazama jinsi mpishi wa behewa la chakula la treni anavyolisha watu wengi akiwa amesimama mahali padogo, akahesabu hatua na dakika kama wanavyohesabu kiwandani, akatoa chumba cha mita 1.9 kwa 3.4. Kila kitu mkononi. Vidroo vya alumini vyenye mdomo, unavuta, unamimina sukari. Ubao wa pasi unaokunjuliwa kutoka ukutani. Kigoda kinachozunguka. Makabati yakapakwa bluu ya kijani kwa imani kwamba nzi hawaipendi rangi hiyo, jambo ambalo ningependa kulijaribu kwenye bucha la jirani yangu. Yalifungwa majiko kama hayo yapata 10,000. Na mwenyewe alikiri kwamba kabla ya kulichora hakuwa amewahi kupika.

Nia yake ilikuwa njema, hilo nalisema wazi. Aliona mwanamke anatoka kazini amechoka na bado anangojwa na sufuria, akataka kumpunguzia saa za jikoni apate za kusoma, za kulala. Ni mtu aliyefungwa na serikali ya Hitler kuanzia 1941 mpaka vita vilipokwisha kwa kuwapinga, si mtu wa kumbeza. Ila chumba cha upana wa mita 1.9 kinaingia mtu mmoja. Mtoto hana pa kukaa, mume hana pa kusimama hata akitaka kusaidia, jirani hana pa kuweka kigoda. Wanawake waliokuja kulikosoa miaka ya 1970 walisema hilo hasa: limemfungia mama peke yake na mlango wa kusukuma. Nalilinganisha na uani kwa nyanya yangu. Mmoja yuko kwenye kibao cha mbuzi, mmoja anatwanga, mmoja kazi yake ni kusema watu, watoto wanapita na kuiba nazi. Hatua zilikuwa nyingi mno, Lihotzky angezimia. Lakini hakuna aliyekuwa peke yake na moshi.

Na hili mwambie mwalimu wako, pengine halijui. Bwana aliyeongoza ujenzi wa Frankfurt na kumwita Lihotzky kazini alikuwa Ernst May. Mwaka 1934 alikuja Tanganyika, akanunua shamba upande wa Arusha. Baadaye akahamia Nairobi: Kenwood House ya Mtaa wa Kimathi ni kazi yake ya 1937, na miaka ya 1940 akapanga upanuzi wa mji wa Kampala. Sisemi alikuja na jiko mkobani. Na angekuja nalo angelifunga wapi? Nyumba za Wazungu huku jiko lilikuwa kibanda cha nyuma, na aliyesimama humo kuanzia alfajiri, akipika na kuoka mkate, alikuwa mwanaume. Ambayo inanipeleka barua inayofuata.

*Shangazi, mke wangu yuko masomoni mwaka huu, nafua mwenyewe. Watoto wananicheka, wanasema kwenye tangazo la sabuni ya unga anafua mama. Niwajibuje? — Baba watatu, Morogoro*

Waambie waende wakamuulize babu yao dobi ni nani. Dobi wa mtaa tangu enzi za pasi ya mkaa ni mwanaume, na "boi" aliyefua shuka za bwana mkubwa wakati wa mkoloni alikuwa mwanaume mwenye mke na watoto kijijini. Kufua kukilipwa, mikono ya kiume iliweza.

Ni tangazo lililotaka iwe mama peke yake, kwa sababu mama ndiye aliyekuwa nyumbani mchana redio ikiwa wazi. Mwaka 1933 kampuni ya Procter & Gamble ya Marekani ilianza kulipia mchezo wa redio wa kila siku, Ma Perkins, ili kuuza sabuni ya Oxydol: mama mjane mwenye hekima, machozi kidogo, sabuni, machozi tena. Ilifanya kazi mpaka michezo ya namna ile ikaitwa kwa jina la sabuni. Zile tamthilia wanazozitazama watoto wako jioni ni wajukuu zake.

Nawe usifue na saa ya mkononi.

*Shikamoo. Kaka zangu wote wanavuta, hakuna neno. Dada yetu kavuta mara moja, kaitwa mhuni. Wanasema sigara ni kitu cha kiume tangu asili, hata mchunga ng'ombe wa Marlboro ni ushahidi. — Msomaji, Mwanza*

Marahaba. Nianze kwa kusema sitaki avute dada wala kaka. Lakini ushahidi wao umeoza.

Marlboro ilipoingizwa sokoni 1924 ilikuwa sigara ya akina mama. Kauli yake ilisifu ulaini wake, ikaulinganisha na mwezi wa Mei, ambao kwao ni mwezi wa maua. Baadaye wakaiwekea hata ncha nyekundu ili rangi ya mdomo isionekane ikibaki kwenye karatasi. Ikauzwa hivyo miaka 30, kwa kujikongoja. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 madaktari wakaanza kutoa habari za saratani ya mapafu, wavutaji wakaogopa, na wengine wakawa tayari kuhamia sigara yenye kichungi. Tatizo: kichungi kilihesabiwa kitu cha kike. Ofisi ya matangazo ya Leo Burnett, Chicago, ikapewa kazi ya kuifanya Marlboro iote ndevu. Ndipo 1955 tukaletewa wanaume wenye nyuso kavu, mikono yenye chale za wino, na yule mchunga ng'ombe aliyewashinda wenzake wote. Pakiti ikawa nyekundu na nyeupe yenye pembe kali. Jina halikubadilishwa hata herufi. Kilichobadilishwa ni nani aone haya kuivuta. Mmoja wa wanaume waliopigwa picha za matangazo yale, Wayne McLaren, alikufa kwa saratani ya mapafu mwaka 1992, baada ya kutumia miezi yake ya mwisho kuwasihi watu waache.

Na kina dada nao walitegewa. Pasaka ya 1929, New York, Edward Bernays, mpwa wa yule Freud wa elimu ya nafsi, alikuwa analipwa na kampuni ya Lucky Strike. Mwanamke kuvuta barabarani ilikuwa aibu, kwa hiyo kampuni ilikuwa inapoteza nusu ya wateja nje ya nyumba. Akapanga wanawake wawashe sigara katikati ya maandamano ya sikukuu, Fifth Avenue, wapiga picha wakiwa wamearifiwa, na sigara zikapewa jina: mienge ya uhuru. Ndiyo, mienge ya uhuru. Tafadhali msiufananishe na wetu wa mlima Kilimanjaro. Miaka mitano baadaye ikagundulika wanawake wanaikwepa pakiti ya Lucky kwa kuwa kijani chake hakipatani na nguo zao. Kubadilisha pakiti ni gharama. Bernays akashauri ibadilishwe mitindo: akachochea dansi kubwa la matajiri ambalo magauni yote yalikuwa ya kijani, akawaalika wahariri wa mitindo chakula cha mchana cha vyakula vya kijani. Mimi mteja akinambia rangi ya bango haiendani na mtaa, napaka upya. Sikuwahi kufikiria kuupaka mtaa.

*Shangazi, nimenunua fulana ya mtumba, ina mwanamke amekunja mkono, kitambaa chekundu cha madoadoa kichwani, na maneno ya Kiingereza ya kusema tunaweza. Chuoni wananiita mwanaharakati. Ni nembo yao kweli? — Mwanachuo, Dodoma*

Imekuwa yao, haikuzaliwa yao. Aliyeichora ni J. Howard Miller, mwaka 1943, vita vikiendelea, kwa kiwanda cha Westinghouse. Ilibandikwa ndani ya kiwanda Februari, wiki mbili, ikabanduliwa ibandikwe nyingine. Haikuwa ya kuwaita wanawake kazini. Waliokuwa wakiitazama walikwisha ajiriwa, na mabango ya mfululizo ule yalitaka mtu asitoroke kazi, asigome, amsikilize msimamizi. Ililala miaka 40 mpaka wanawake wa miaka ya 1980 walipoiokota wakaivalisha maana nyingine. Ni kama kanga: aliyeandika jina kiwandani ana lake, aliyeinunua ana lake, na jirani aliyeivaliwa ana lake pia. Vaa.

*Shikamoo Bi mkubwa, mimi ni mchoraji mwenzio, Kigoma. Kila mwenye saluni anataka nimchoree mwanamke mweupe mwenye nywele za kuteleza. Nikichora mweusi wanasema uso umefubaa kama umepakwa jivu. Na kusema kweli, umefubaa. Nakosea wapi? — Fundi*

Marahaba fundi. Barua yako nimeiweka mwisho kwa sababu umekiri kitu ambacho wengi hawakiri. Tunamlaumu mteja, kumbe na mkono haujui.

Haujui kwa sababu hata mashine hazikujua. Nina picha ya rangi ya harusi ya dada yangu: shela inaonekana kila uzi, keki inaonekana, na sisi wasimamizi tumebaki meno. Nilidhani mpiga picha hakuwa mzuri. Baadaye nikaja kujifunza habari ya kadi za Kodak. Tangu miaka ya 1950 maabara za kusafisha picha zilipewa picha ya mfano, mwanamke wa Kizungu amevaa vizuri, kadi ikaitwa Shirley. Ngozi yake ikikaa sawa, basi rangi imekaa sawa, endelea na kazi. Filamu yenyewe ilipimwa kwa ngozi za namna ile. Waliolalamika mpaka wakasikilizwa, katika miaka ya 1960 na 1970, ni wenye viwanda vya chokoleti na wa samani za mbao: kahawia zao zilitoka zote sawa kwenye matangazo. Ubao wa kabati ulituombea njia.

Sasa kazi. Kosa lako la kwanza, nakisia, unachukua rangi ya kahawia ya kopo na kuitia nyeusi upate giza. Nyeusi inaua. Changanya mwenyewe: nyekundu na njano kwanza, kisha bluu tone kwa tone mpaka igeuke kahawia. Ukitaka kivuli chini ya taya ongeza bluu na nyekundu, nyeusi ifungie kopo. Kosa la pili ni mng'ao. Unaweka nyeupe kwenye shavu na paji, ndiyo hilo jivu wanaloliona. Weka njano iliyotiwa nyekundu kidogo, iwe kama chungwa bivu, na kama uso umeelekea nje mchana, tone la bluu ya mbingu juu kabisa ya paji, jembamba. Mandhari ya nyuma usiiache nyeupe. Tia kijani cha majani ya mgomba au njano ya embe, utauona uso unasogea mbele.

Halafu usimuulize mteja anataka rangi gani. Mimi nilimfanyia hivi mwenye saluni mmoja wa Temeke: nikachora nyuso mbili kwenye ubao mmoja, ile aliyoiagiza na ile ninayoitaka mimi, nikamwambia chagua, bei ni ile ile. Akazitazama muda mrefu. Kisha akamwita mkewe atoke nje, akamsimamisha kando ya ubao, akauliza wateja waliokuwa wakisukwa barazani ipi inafanana naye. Walicheka, wakanyoosha vidole. Ile nyingine niliifuta kwa tina jioni ile ile, kabla haijakauka.